Nyumba ya Vitambaa

Mwanzoni mwa karne hii, katika kijiji cha Kambi Moto huko Huruma, kaskazini-mashariki mwa jiji la Nairobi, ilisimamishwa nyumba isiyokuwa na tofali hata moja. Mifupa yake ilikuwa mbao, kuta zake vitambaa. Haikuwa ule mfano mdogo unaowekwa juu ya meza katika ofisi za wasanifu majengo, wenye miti ya plastiki na watu wa ukubwa wa njiti ya kiberiti. Ilikuwa nyumba ya kipimo kamili. Mtu aliweza kuingia mlangoni kwa miguu yake, akanyoosha mikono kujua kama viganja vinagusa pande zote mbili, akatafuta mahali pa kuweka kitanda, jiko, mitungi ya maji na watoto.

Kabla ya vitambaa, wakazi walichora. Kila mmoja alichora nyumba anayoiota, na zoezi lenyewe likajulikana hivyo hivyo, kuota nyumba. Kisha ndoto zikapelekwa kwenye ardhi iliyokuwepo, ardhi ya Halmashauri ya Jiji ambayo familia zilikuwa zimebanana juu yake kwa miaka, kwenye mabanda yaliyoshika moto mara nyingi hadi jina la kijiji likabeba kumbukumbu hiyo. Hesabu ikatoka moja. Ili kila familia ipate mahali pasipo mtu kufukuzwa, nyumba ingekalia kama mita 20 za mraba, halafu ipande juu ghorofa kwa ghorofa. Mtu anaweza kutajiwa mita 20 za mraba mara mia asielewe. Akisimama ndani yake, kitambaa kikimgusa bega, ataelewa papo hapo, na maswali yataanza. Ngazi ipite wapi? Mgonjwa atapandaje? Moshi wa jiko utatokea upande gani?

Nimeifikiria nyumba hiyo kuliko majengo mengi ya zege niliyowahi kuandika habari zake. Ramani ya msanifu ni lugha, na lugha hiyo hufundishwa chuo kikuu kwa miaka mitano au sita. Anayeitisha mkutano, akatundika ramani ukutani na kuomba maoni, anawauliza watu juu ya barua iliyoandikwa kwa maandishi wasiyoyasoma. Watatikisa vichwa kwa adabu. Watapiga makofi. Watasema ni nzuri, kwa kuwa mgeni amekuja na gari na hakuna anayetaka mradi uende mtaa wa jirani. Lakini mpe mama mmoja kamba na kitambaa, umwambie mlango tumeuweka hapa, na kabla ya saa sita mchana atakuwa ameshauhamisha mara tatu, na kila mara ana sababu yake. Fundo hufunguliwa likafungwa pengine. Ukuta wa zege hauna fundo.

Nayasema haya kwa uchungu, kwani niliwahi kukaa upande wa pili wa meza.

Miaka mingi iliyopita niliajiriwa kuandika kumbukumbu za mikutano ya mradi wa usafi katika mtaa mmoja wa mabanda. Mradi ulikuwa unajenga choo cha umma chenye bafu. Siku ya kukutana na wakazi, mchoro ulikuja umeshachapwa kwa rangi kwenye karatasi inayong'aa. Walihudhuria watu kama sitini. Karatasi ya mahudhurio ikazungushwa, kila mtu akatia sahihi au dole gumba, soda na mkate vikagawanywa. Kuelekea mwisho alisimama mwanamke mmoja wa makamo. Hakuongea sana. Alisema mlango usielekee mtoni, kwa sababu usiku kule ni giza na kuna vijana wanaokaa pale. Uelekee barabarani, penye taa na penye akina mama wanaokaanga samaki hadi saa nne. Mhandisi akamshukuru. Mimi nikaandika.

Daftari lile ninalo hadi leo. Maneno yake yamo, kwa mwandiko wangu wa haraka. Hayamo kwenye ripoti niliyoichapa wiki iliyofuata, ambamo niliandika kwamba wakazi walitoa maoni mbalimbali na kuunga mkono mradi. Hakuna neno la uongo katika sentensi hiyo. Ni kweli walitoa maoni, na ni kweli waliunga mkono. Choo kikajengwa, mlango ukaangalia mto, kwa kuwa bomba la majitaka lilikuwa upande ule na michoro ilikuwa imeshapitishwa na wafadhili kabla mkutano haujaitishwa. Mchana watu walipanga foleni. Jua likizama, wanawake walirudi kwenye ndoo na mifuko ya plastiki kama zamani.

Tangu hapo, ninapotembezwa kwenye mradi wowote na kuambiwa kwamba jamii ilishirikishwa, huwa siombi kuonyeshwa picha za mkutano wala orodha ya waliohudhuria. Naomba kitu kimoja: nionyesheni mahali mchoro ulipobadilika baada ya watu kusema. Mara nyingi hufuata kimya kirefu.

Si kwamba sheria haipo. Kifungu cha 10 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataja kushirikishwa kwa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikakufanya kuwa wajibu wa kila kaunti. Ni hatua kubwa, na waliopigania Katiba ile wanastahili heshima. Kabla yake mkazi wa mabanda alikuwa akijua mpango wa serikali anaposikia mngurumo wa tingatinga. Ila sheria ina uwezo wa kulazimisha mkutano ufanyike na tangazo litolewe gazetini. Kuisogeza penseli ya mchoraji ni kazi nyingine, na hiyo haijapata kifungu.

Turudi Kambi Moto, kwa maana hadithi ya vitambaa ikisimuliwa peke yake inapotosha. Inaonekana kama ubunifu wa siku moja, jambo la kupigwa picha. Vitambaa vilikuja mwishoni.

Mwaka 2001 wakazi wa vijiji vitano vya Huruma, yaani Kambi Moto, Mahira, Redeemed, Ghetto na Gitathuru, walijihesabu wenyewe. Walisaidiwa na shirika la Pamoja Trust, lakini waliobisha hodi mlango kwa mlango walikuwa majirani, wanachama wa Muungano wa Wanavijiji, vuguvugu lililoanza 1996 kupinga ubomoaji wa mabanda jijini. Kujihesabu kuna maana yake. Mtu wa serikali akija na kalamu, mkazi hujiuliza kama anaandikishwa kupewa au kufukuzwa. Jirani akija, ubishi huwa wa aina nyingine: huyu alihamia lini, yule ana milango mingapi, mtoto wa marehemu yuko wapi.

Halafu likaja lile ambalo limezika miradi mingi ya makazi Nairobi. Wakazi wengi wa mabanda ya jiji hili ni wapangaji. Wenye mabanda ni watu wengine. Baadhi wanaishi humo humo, baadhi hawajalala humo hata usiku mmoja. Ukisema unaboresha mtaa kwa ajili ya wakazi, mwenye mabanda kumi anasikia kwamba kodi zake kumi zinakwenda. Ukisema unamlinda mwenye mabanda, mpangaji anafunga virago. Mikutano ya wazi haitatui jambo hili, kwa sababu mpangaji hasimami mbele ya anayemdai kodi akasema anachofikiri. Kambi Moto walikaa na kukaa tena hadi wakafikia makubaliano kwamba kila familia, iwe ya mwenye mabanda au ya mpangaji, itapata nyumba moja. Ninaandika sentensi hiyo kwa mstari mmoja. Wao waliilipia kwa miezi ya kukosana na kusuluhishana. Hakuna mchoro unaoonyesha kazi hiyo, na sijaona bajeti ya mradi yenye safu kwa ajili yake.

Mwaka 2003 Halmashauri ya Jiji iliweka sahihi makubaliano na vijiji hivyo, na masharti ya ujenzi yakalegezwa ili nyumba ya mita 20 za mraba isihesabiwe kuwa kosa la jinai. Watu walikuwa wakiweka akiba kidogo kidogo, shilingi chache kwa siku, na akiba hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa mkopo. Sakafu za ghorofa zilijengwa kwa laadi, vibao vidogo vya zege vinavyomwagwa chini kwenye uwanja na kupandishwa juu vikishakauka, ufundi uliojifunzwa kutoka kwa vyama vya wakazi wa mabanda nchini India. Faida yake kubwa ni kwamba haihitaji mbao nyingi za kushikilia zege wala mashine, na wanawake wa kijiji waliweza kuzitengeneza wenyewe. Asiye na uwezo wa kumaliza alianza na chumba cha chini, akapanda juu kadiri mfuko ulivyoruhusu.

Nyumba za awamu ya kwanza zilikuwa 34.

Najua namba hiyo inavyopokelewa. Nimekaa na maofisa waliofanya hesabu mbele yangu: miaka kadhaa, nyumba 34, katika jiji ambalo mamia ya maelfu wanaishi kwenye mabanda. Kwa mwendo huo tutamaliza lini? Ni swali la haki na sitaki kulikwepa. Kushirikisha watu kwa kweli kunachukua muda, muda ni fedha, na fedha za mradi zina tarehe ya kwisha. Naamini, hata hivyo, kwamba hesabu hiyo inaacha nje gharama za upande wa pili: majengo yaliyokamilika kwa wakati na leo hayatumiwi na wale waliokusudiwa. Hakuna anayegawanya gharama ya jengo kwa idadi ya watu walioondoka humo.

Waswahili wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Katika ofisi za mipango methali hiyo ingeandikwa juu ya kila meza ya kuchorea.

Wala si hekima ya hapa kwetu tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nchini Norway, Kristen Nygaard, mtaalamu wa kompyuta, alianza kufanya kazi na chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma, ili mashine mpya zisije zikapangwa na wakubwa peke yao. Kati ya 1981 na 1985 vyama vya wafanyakazi wa uchapaji vya nchi za Nordiki vikashirikiana na watafiti, akiwemo Pelle Ehn wa Sweden, katika mradi ulioitwa UTOPIA. Kompyuta zilikuwa zinaingia kwenye magazeti, na mafundi waliopanga herufi maisha yao yote walitakiwa kusema wanataka chombo cha namna gani. Wangesemaje, nao hawajawahi kukiona? Wakatengenezewa chombo cha boksi. Sanduku tupu la karatasi ngumu likawekwa mezani, likaandikwa ubavuni kwamba ni printa, na fundi akafanya kazi nalo kana kwamba ni la kweli, akionyesha mkono wake unakwenda wapi na jicho lake linatafuta nini. Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilicheka kwa furaha. Boksi la Skandinavia na vitambaa vya Huruma ni ndugu: vyote viwili vinamkabidhi mtu kitu anachoweza kukikosoa kwa mwili wake, wakati kosa bado ni rahisi kurekebishwa.

Kutoka Huruma hadi Kibera si mbali kwa matatu, lakini kimpango ni safari ndefu. Humo Kibera, Soweto Mashariki ilichaguliwa kuwa mahali pa kuanzia mpango wa kitaifa wa kuboresha mitaa ya mabanda, ulioendeshwa na serikali ya Kenya pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la makazi. Mpango ulikuwa na kamati ya wakazi iliyochaguliwa, ulikuwa na mikutano, ulikuwa na nia njema. Sioni sababu ya kuwavunjia heshima waliouhangaikia. Septemba 2009 familia kama 1,200 zilihamishiwa kwenye maghorofa ya Lang'ata, nyumba 600 katika majengo ya ghorofa tano, zikae humo kwa muda huku mabanda yao yakivunjwa na makazi mapya kujengwa. Wakazi wakapaita Kaanani.

Jina hilo linabeba tumaini lao lote. Walikuwa wamevuka. Kulikuwa na bomba ndani, choo ndani, umeme wenye mita. Watu waliozoea kuamka usiku kusikiliza kama moto umeanza walilala. Nawaomba wanaoyabeza maghorofa haya kwa mbali walikumbuke hilo kwanza.

Ndani ya kila nyumba, hata hivyo, kila familia ilipewa chumba chake, jiko na choo wakashirikiana. Familia ambazo hazikuchaguana zikawa zinapikia jiko moja. Na mkate wa mkazi wa Kibera uko mlangoni: mandazi ya asubuhi, mboga zilizokatwa jioni, kinyozi, fundi wa simu. Kibanda kiko futi tatu kutoka kitandani, mtoto analala huku mama anauza. Ukimpandisha mama huyo ghorofa ya nne, umempa choo cha maji na umempokonya wateja. Hili lilijulikana na kila anayeishi kule. Haliandikwi kwenye ramani kwa sababu kwenye ramani nyumba ni mahali pa kulala tu, na biashara ina eneo lake lenye rangi nyingine.

Kesi mahakamani zilichelewesha ujenzi wa Soweto Mashariki. Nyumba 822 zilikabidhiwa Julai 2016, miaka karibu saba baada ya kuhamia Kaanani, makazi yaliyoitwa ya muda. Kilichofuata kimeandikwa na wengi: baadhi ya waliopewa walipangisha nyumba zao kwa watu wenye kipato cha juu kidogo, wakarudi kwenye mabanda na kodi mfukoni. Gazeti moja baada ya jingine likawaita wasio na shukrani. Mimi naona watu waliopiga hesabu. Kama chumba cha banda cha bei nafuu kinakuacha karibu na wateja wako, na nyumba mpya inakuletea kodi kila mwezi, ulichopewa si makazi tena, umepewa mtaji. Wangeulizwa tangu mwanzo wanahitaji kipi zaidi, wangejibu. Swali liliulizwa kwa namna ya mchoro wa vyumba, na jibu likaja kwa namna ya kuhama.

Ushirikishwaji nao una kingo zake, na Dar es Salaam iliziona mapema. Hanna Nassif, Kinondoni, kwenye bonde la Msimbazi, wakazi waliochoshwa na mafuriko waliunda chama chao mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wengine wakajenga mifereji na barabara kwa mikono yao, chama chenyewe kikipewa kandarasi badala ya kampuni ya nje. Ni moja ya kazi nzuri za aina hiyo katika ukanda wetu. Maji yalipopata njia, thamani ya nyumba ilipanda, kodi nazo zikafuata, na baadhi ya wapangaji walishindwa kukaa kwenye mtaa mkavu. Waliokuwa wameketi kwenye vikao kwa nguvu zaidi walikuwa wenye nyumba. Jamii si mtu mmoja mwenye mdomo mmoja.

Ndiyo maana Mukuru ilinivuta.

Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani viko kusini-mashariki mwa Nairobi, ubavuni mwa eneo la viwanda. Kaya zipatazo 100,000 kwenye ekari 689. Sehemu kubwa ya ardhi ina hati za watu binafsi, iliyogawiwa miaka ya 1980 kwa masharti kwamba vijengwe viwanda vidogo. Viwanda vingi havikujengwa. Watu wakajenga mabanda, wakazaa, wakazeeka. Watafiti wa vyuo vikuu wakishirikiana na Muungano wa Wanavijiji walifuatilia kwa miaka gharama ya kuishi humo, wakathibitisha alichokijua kila anayebeba mtungi wa lita 20: mkazi wa Mukuru hulipia maji na umeme bei ya juu kuliko anayeishi mtaa wenye mabomba na mita, kwa huduma duni. Wakaiita adhabu ya umaskini.

Agosti 2017, mwezi wa uchaguzi mkuu, Kaunti ya Nairobi ililitangaza eneo hilo kuwa la mipango maalumu. Kisheria maana yake ilikuwa kwamba ujenzi mpya usimame kwa miaka miwili wakati mpango unaandaliwa, na kwamba viwango vya kawaida si lazima vifuatwe. Hilo la viwango ni zito kuliko linavyosikika. Ukichukua upana wa barabara kama unavyoandikwa kwenye kanuni za mji, ukaulaza juu ya Mukuru kama rula, unabomoa nyumba za umati wa watu kabla hujajenga chochote. Kwa hiyo swali la barabara iwe na upana gani lilikuwa swali la nani abaki na nani aondoke, na mara hii liliwekwa mbele ya wale ambao kuta zao zingeguswa.

Wangekaaje watu wa kaya 100,000 kwenye meza moja? Walijipanga kwa kumi kumi. Kaya kumi zikawa na mwakilishi, makumi yakaungana kuwa mamia, mamia yakawa sehemu, na kila sehemu ikawa na vikao vyake vya kuangalia ramani yake. Anayetoka Tanzania ataitambua mara moja nyumba kumi, na Kenya nayo ilikuwa imeshaiazima kwa ajili ya usalama. Mukuru waliitumia kubishania mahali pa kupitisha bomba. Upande wa wataalamu mashirika zaidi ya 40 yaligawanywa katika makundi: maji na usafi, afya, elimu, nyumba, mazingira, sheria ya ardhi, fedha. Kundi moja halikuwa na kazi ya kuchora kabisa. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha wakazi wamekutana, wameelewa na wamesikika. Nalipigia mstari kundi hilo. Ni mara ya kwanza nimeona mpango wa mji mzima ukilipa watu kwa ajili ya kazi iliyofanyika kimya kimya Kambi Moto.

Na matunda yalionekana. Mwaka 2020, baada ya majukumu kadhaa ya kaunti kuhamishiwa serikali kuu na idara mpya ya huduma za jiji kuanza kazi, barabara za lami ziliingia Mukuru, mabomba ya maji yakachimbiwa, vituo vya afya vikajengwa, majitaka yakawekewa mabomba membamba yanayopita vichochoroni bila kubomoa nusu ya mtaa. Mengi ya hayo yalikuwa yamekwisha kuchorwa kwenye vikao vya kumi kumi. Serikali ilipokuwa na fedha na haraka, ilikuta kazi imefanywa. Kwa wale wanaosema kushirikisha watu huchelewesha, mfano huo unatosha kuwarudisha kwenye kiti.

Oktoba na Novemba 2021 matingatinga yakaingia Mukuru kwa Njenga. Sababu iliyotolewa ilikuwa kupanua barabara. Maelfu ya familia walibaki nje, ndani ya eneo lile lile lililotangazwa kupangwa pamoja na wakazi wake. Watu walilala juu ya vifusi vyao kwa wiki, mahema yakapangwa mahali palipokuwa na vyumba, na mvutano wa ardhi ukafika kwenye risasi na vifo kabla ya mwaka kwisha.

Nimejaribu kulielewa hilo mara nyingi. Huwezi kusema watu hawakushirikishwa. Ni wachache duniani waliowahi kushirikishwa kwa kina kama wao. Mchoro ulibadilika, tena pakubwa. Kilichokosekana ni nguvu ya mchoro huo mbele ya ofisi nyingine yenye mchoro wake. Barabara ilikuwa na idara yake, hati za ardhi zilikuwa na wenyewe, tingatinga lilikuwa na dereva aliyepewa amri, na katika mlolongo huo wote hapakuwa na mtu aliyebanwa kisheria kufungua kwanza ramani ya kumi kumi aone ni nani anaishi pale. Swali langu la zamani, lile la mahali mchoro ulipobadilika, nimeliongezea la pili: nani analazimika kuufuata?

Bado sijakata tamaa na Mukuru. Wakati wa ubomoaji ule, watu waliokuwa wamezoea kukutana kwa kaya kumi walijua majirani zao wote kwa majina. Kujihesabu walikujua tayari.

Mwaka jana nilipita kwenye ule mtaa wa daftari langu. Sikuwa na miadi. Nilikuwa namsindikiza rafiki, nikamwomba tupitie mtoni. Choo bado kipo. Rangi ya shirika imebanduka, na paa limebadilishwa mabati. Upande wa mto, mahali palipokuwa na mlango, pamezibwa kwa mawe ya kuchonga ambayo hayafanani na ukuta wa awali. Mlango uko barabarani sasa. Umekatwa kwa mkono, kingo zake hazikunyooka sana, na juu yake inaning'inia balbu iliyovutwa waya kutoka kibanda cha samaki. Kijana aliyekuwa akikusanya shilingi kumi kumi aliniambia mlango ulihamishwa zamani, yeye akiwa shule ya msingi, na akina mama wenyewe walichanga za kumlipa fundi.

Nilimuuliza kama wakati wa usiku kunafungwa. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu, akasema usiku ndiyo kuna watu wengi zaidi.